Nikijitafuta Sijioni: Basi Anayeomba ni Nani?

Masomo: Luka 9:23, Luka 12:16-21, 1 Samweli 3



Wiki hii naomba mnivumilie, maana swali lenyewe si la kawaida kwetu. Tumezoea kuulizwa habari za ndoa, za zaka, za mtu aliyeokoka kama anaweza kwenda kukandwa na mganga wa mifupa. Hili la leo limetoka kwa ndugu mmoja kijana wa ushirika wetu mdogo hapa Siyu. Ni mmoja wa hawa waliotumwa kazi kisiwani kutoka bara, anaishi chumba kimoja, na jua likishatua hana pa kwenda. Amenipa ruhusa niandike, mradi nisimtaje. Aliniuliza hivi: "Mtumishi, nikikaa kimya nijitafute ndani, naona mawazo yanapita, naona hofu, naona mgongo unauma, lakini mimi mwenyewe sijioni. Sasa kama mimi sipo, anayeomba ni nani?"

Najua wapo watakaosema hapo hapo, "Hilo ni pepo, mwekeeni mikono." Wacha nikwambie, si kila swali gumu ni pepo. Mengine ni maswali tu, na mtu akiuliza swali anastahili kujibiwa kabla ya kukemewa.

Kijana mwenyewe hakuanza juzi. Ana miezi kadhaa akifuata mafundisho kwenye simu. Kila jioni anakaa, anafumba macho, anajiuliza, "Mimi ni nani?" Likija jibu, kwamba mimi ni mfanyakazi wa ofisi fulani, mimi ni kifungua mimba wa mama fulani, mimi ni mtu wa kwaya, analiweka kando na kuuliza tena. Ni kama kumenya kitunguu. Unatoa ganda, unatoa ganda, mwisho mkononi hamna kitu, macho tu ndiyo yanawasha. Sasa amefika mahali anataka mtu wa kumshika mkono amfikishe mwisho wa safari, na huko kwenye simu wanaojitolea kwa kazi hiyo hawakosekani. Ndipo akaja kuuliza kama amfuate mmoja wao.

Njia hii ni ya zamani sana, tusidhani imeletwa na intaneti. Mwaka 1896, kusini mwa India, kijana wa miaka 16 ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Ramana Maharshi alishikwa ghafla na hofu ya kifo. Akalala chini kama maiti, akajiuliza ni nani hasa anayekufa. Baada ya hapo aliondoka kwao akaenda kuishi kwenye mlima wa Arunachala, na watu walimfuata huko mpaka alipofariki mwaka 1950. Wengi waliokwenda na shida zao aliwarudishia swali hilo hilo: anayeuliza ni nani? Yeye aliamini kwamba huyu "mimi" mdogo akiondoka, chini yake yuko Mimi mkubwa asiyekufa. Wabuddha walikuwa wamekwenda mbali zaidi, karne nyingi kabla yake. Wao husema, tafuta mpaka mwisho, hupati mtu kabisa. Wana kisa cha mfalme Milinda, Mgiriki aliyetawala upande wa kaskazini-magharibi wa India zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo, na mtawa aitwaye Nagasena. Mtawa alimuuliza mfalme habari za gari lake la farasi. Gurudumu ndilo gari? La. Ekseli ndiyo gari? La. Basi gari liko wapi? Ni jina tu tulilokipa kikundi cha vitu. Na mtu, akasema, ni vivyo hivyo.

Sisi huku hatuna magari ya farasi, tuchukue jahazi. Nenda Matondoni uwaone mafundi. Mkuku ndio jahazi? Mataruma? Mlingoti, foromali, tanga, usukani? Ukishika kimoja kimoja, hakuna hata kimoja kinachoitwa jahazi. Kiondoe kila kitu ukiweke kando mchangani, halafu nionyeshe jahazi lilipobaki.

Wazungu nao walifika hapo kwa mlango wao. Mskochi David Hume, akiwa bado hajatimiza miaka 30, alichapisha kitabu mwaka 1739 akasema kwamba kila anapochungulia ndani yake anakutana na joto au baridi, upendo au chuki, maumivu au raha, lakini yeye mwenyewe hajawahi kujikamata. Napenda ukweli wa mtu huyu. Anakiri kwamba mawazo hayo yalimchosha mpaka akaenda kula chakula na kucheza mchezo wa mezani na marafiki zake, tuseme kama mtu wa hapa anavyokwenda barazani kucheza bao, na akirudi kwenye mawazo yake anayaona ya baridi hata hataki kuyaingia tena. Mwaka uliofuata, 1740, aliongeza maneno mwishoni mwa kazi yake akisema hakuridhika na maelezo yake mwenyewe juu ya jambo hilo.

Basi hawa wote walichungulia, na walichokiona si uongo. Hapo naomba watu wa kanisa tusiwacheke. Wacha nikuulize wewe mpendwa uliyenuna wiki tatu kwa sababu siku ya harambee hukuitwa meza kuu. Aliyekosewa ni nani? Hebu mtafute. Utapata picha ya mtu mkubwa uliyoichora mwenyewe, na watu wengine hawajawahi kuiona hiyo picha. "Mimi ndiye niliyeanzisha kwaya hii." "Mimi siwezi kuambiwa na mtoto mdogo kama yule." Huyo "mimi" anayelindwa hivyo, ukimkaribia, ni moshi. Kama kijana wetu amekaa kimya jioni arobaini akagundua kwamba huyo hayupo, amegundua jambo ambalo wengine wetu hatujalijua kwa miaka thelathini ya kuokoka. Na kumfungia sauti kwamba anaabudu miungu ya India ni kukwepa kioo.

Lakini nilimuuliza swali moja la kwetu, la kawaida. "Mara ya mwisho kumpigia mama yako ilikuwa lini?"

Akanyamaza. Mama yuko bara, mjane, na huyu ndiye mkubwa wa watoto. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anamtumia kitu. Sasa ni mwezi wa tatu. Nikamuuliza, mshahara umekatwa? Hapana. Mmekosana? Hapana. Ndipo akasema maneno ambayo yamenikosesha usingizi: "Mtumishi, nikikaa kimya naiona ile hatia inakuja. Siisukumi. Naitazama tu, mpaka inapita."

Wapendwa, hapo ndipo shida iko. Hatia nyingine ni ya kutazamwa ikapita, ile ya kipuuzi, ya mtu aliyekohoa wakati wa mahubiri akalala na aibu. Nyingine ni mjumbe. Imetumwa na mtu, inagonga mlango, na inataka jibu. Ukimtazama mjumbe kwa utulivu mpaka akachoka akaenda zake, hujapata amani, umekwepa deni tu. Mwenye duka aliyekuandika kwenye daftari lake hakuandika wazo linalopita. Ameandika jina, na unga ulichukuliwa.

Turudi kwenye jahazi. Ni kweli jahazi halimo kwenye mkuku peke yake wala kwenye tanga. Baada ya miaka mingi ya kazi huenda mbao zake nyingi zimebadilishwa, misumari imepigwa mipya, kalafati imetiwa mara nyingi. Lakini kama lilipakia saruji yako Lamu likaifikisha Mtangawanda imelowa, utaenda kudai. Na mwenye jahazi akikwambia, "Bwana, mbao zile za wakati ule hazipo tena," watu wote bandarini watacheka. Wanajua jahazi ni lile lile. Linajulikana kwa jina, lina bandari inayolingoja, lina watu linaowabebea na watu linaodaiwa nao. Nagasena alilivunja gari akatazama vipande. Hakutazama anayelingoja.

Nadhani ndivyo ilivyo kwa mtu. Ukijitafuta kama kitu kilichowekwa ndani, pembeni ya mawazo, hujipati, na walisema kweli waliosema hawajipati. Ila mama akipokea simu usiku akauliza, "Nani mwenzangu?", unajibu, "Ni mimi, mama," na hujawahi kufumba macho kwanza kumtafuta huyo "mimi" uliyemtaja. Amepatikana kwa kuitwa. Ndivyo nilivyomjibu kijana juu ya swali lake la kwanza. Anayeomba ni yule anayeitika. Aliitwa kabla hajajua kujichungulia, na mwitaji anamjua kwa jina.

Na kwa habari ya kujihoji, kisiwa hiki hakihitaji kusubiri mafundisho ya simu. Yapata miaka mia mbili iliyopita, katika mji wa Pate, mwendo wa miguu kutoka hapa, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Alikuwa Mwislamu na sisi ni Wakristo, tusichanganye, lakini mtu wa Mungu anaweza kujifunza kwa jirani. Alitazama majumba ya matajiri wa Pate yaliyokuwa na taa na wageni, sasa yamekuwa ya popo na ndege wa usiku. Angeweza kusema, kama wale wa India, kwamba basi yote ni jina tu. Badala yake aligeuka akauhoji moyo wake mwenyewe. Aliuita kama unavyomwita mtu aliyelala mchana, akaudai majibu: umeyaona haya, mbona huamki, mbona unauza cha milele kwa cha kupita? Tazama vizuri hapo. Alikuta kwamba dunia ni ya kudanganya, na kwamba nafsi inajidanganya, lakini hakukuta kwamba hakuna mtu. Kwake kuona udanganyifu kulimpeleka kwenye hesabu. Ndugu zetu Waislamu wana neno kwa jambo hilo, muhasaba, yaani mtu kujitoza hesabu kabla hajatozwa.

Na Siyu yenyewe ina mama yake. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka, yule mtawala wa Siyu aliyekataa kumwinamia Seyyid Said wa Zanzibar, alitunga utenzi wake mwaka 1858, mume ameshafariki na yeye mwenyewe ni mgonjwa. Mtu aliyelala kitandani akiona mwili unamwacha ana nafasi zote za kujiuliza "mimi ni nani" mpaka asubuhi. Yeye alimwita bintiye akae karibu, alete wino na karatasi, kwa kuwa ana neno la kumwachia. Unaweza kubishana na mengine aliyoyashauri kuhusu mke na mume, na akina mama wa ushirika wetu wanabishana nayo kweli kweli. Mimi natazama tu vile alivyotumia ugonjwa wake. Pumzi zilizobaki alizitumia kwa mtu anayemhusu.

Sasa Neno. Luka 9:23, Bwana anasema anayetaka kumfuata ajikane. Wengine wanalisoma andiko hili kana kwamba linakubaliana na mafundisho ya kijana wetu, kwamba ujifute, usiwepo. Angalia kitenzi. Kukana. Ni kitenzi kile kile tunachokikuta kwa Petro uani kwa kuhani mkuu, Luka 22:57, alipomkana Yesu mbele ya mjakazi, akasema hamjui. Hata kwenye Kigiriki ni kitenzi kimoja. Petro hakuwa anasema Yesu hayupo. Yesu alikuwa pale pale, karibu. Alikuwa anasema, huyu simjui, simo katika mambo yake, msinihesabu naye. Basi kujikana ni kufanya hivyo kwa yule mkubwa wa meza kuu. Anapokuja na madai yake, unasema simjui mtu huyu. Bado wewe upo, na ndiyo maana andiko linaendelea kusema abebe msalaba wake kila siku. Asiyekuwepo hana bega la kubebea kitu.

Paulo naye, Wagalatia 2:20, anasema si yeye tena anayeishi. Tunalihubiri sana hilo, tunaishia katikati. Soma mpaka mwisho wa aya ile ile: anataja Mwana wa Mungu aliyempenda yeye, Paulo, na kujitoa kwa ajili yake. Aliyesulubiwa bado anasema "mimi", ila sasa ni "mimi" wa kupendwa.

Limebaki swali la kiongozi, na hili ndilo lililomleta kijana. Je, kujichungulia kunahitaji mwongozaji? Nasema ndiyo, kabisa. Luka 12 ina mtu aliyekaa peke yake akazungumza na nafsi yake, yule tajiri wa maghala. Ukimsikiliza, ni mtu wa tafakuri. Anajiuliza, anajijibu, anaiambia nafsi yake ipumzike. Walikuwa wawili tu chumbani, yeye na nafsi yake, na wote wawili walikubaliana. Hakukuwa na wa tatu wa kusema, "Subiri kidogo." Wa tatu alipofika ilikuwa usiku ule ule, na alikuja kuidai hiyo nafsi. Sasa mlinganishe na mwimbaji wa Zaburi 139. Alianza zaburi yake akisema Mungu amekwisha kumchunguza, na mwisho bado anaomba achunguzwe tena. Hakujiamini kushika taa peke yake.

Hata wasomi wa nje wameliona hili kwa njia yao. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha walichoelezwa na watu wa nchi za Magharibi wanaofuata tafakuri ya Kibuddha. Wengine walipata utulivu. Wengine walieleza hofu kubwa, kukosa usingizi, na kujihisi kwamba hawako tena, na hali hiyo ikawasumbua muda mrefu. Kijana wetu nilimuuliza wazi kama anapata hali hizo. Alisema bado. Nikamwambia zikimjia asije kwangu peke yangu kuombewa, aende pia kwa daktari, na asione aibu.

Kiongozi gani, basi? Sitaki kuandika orodha, maana wajanja huisoma orodha wakajipaka rangi yake. Ila mji huu ulisifika kwa watu walionakili misahafu kwa mkono, na kwa mafundi wa ngozi na wa mbao. Kazi kama ile mtu haisomi bila aliyeketi kando yake akaukagua mstari, akasema hapa umekosea. Anakujua, anajua kwenu, anajua kama jana ulikula. Yule wa kwenye simu hajui kama una mama. Hawezi kukuuliza habari zake. Na kama kila unapomaliza kumsikiliza unajiona mwepesi zaidi na watu wa nyumbani kwako wanaona umekuwa mgumu zaidi, wepesi wako huo umelipiwa na wao.

Na sisi wachungaji tusijipendekeze. Wapo miongoni mwetu wanaowaambia watu waue nafsi zao ili wao wakae mahali pa nafsi hizo. Muumini anajikana, mtumishi anazidi kunenepa.

Kwa hiyo nilimpa kijana asome 1 Samweli 3. Mtoto analala hekaluni, anaitwa kwa jina usiku, anakimbilia kwa mzee Eli akidhani ndiye aliyemwita. Mara tatu. Eli angeweza kusema, "Ndiyo, ni mimi, keti hapa nikufundishe wewe ni nani." Alikuwa mzee, macho yake yamefifia, nyumba yake mwenyewe imeharibika kwa wanawe. Kama kiongozi hakuwa na sifa nyingi. Lakini alimrudisha mtoto kitandani, akamwambia safari nyingine akiitwa amjibu Mwitaji mwenyewe. Asubuhi akamtaka amweleze kila alichosikia, asimfiche neno. Na habari yenyewe ilikuwa mbaya, ilikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli. Mzee aliisikia yote kutoka kinywani mwa mwanafunzi wake, akasema huyo ni Bwana, na afanye alionalo jema.